Mkonge unarudi kiwandani: nani atatumbukiza mkono katika kostiki?



Katika ukurasa huu wa nchi jirani tumezoea kuwaletea habari za mishahara, migomo na mikataba ya wenzetu walio ng'ambo ya mpaka. Safari hii tunawaletea habari za majani. Msicheke. Majani haya yaliwahi kuwapa kazi watu zaidi ya laki moja katika nchi moja, kisha yakawaacha solemba, na sasa wataalamu wanasema yana kazi mpya. Sisi wa chama tumejifunza jambo moja: kazi mpya inapobisha hodi, mfanyakazi asipouliza maswali mlangoni, atayauliza akiwa amelala hospitalini.

Majani yenyewe ni mkonge, na mahali penyewe ni Tanga, Tanzania.

TULIYOYAONA TANGA

Tulipokwenda kuwatembelea wenzetu wa mashamba ya mkonge mkoani Tanga, tulianzia shambani. Mkata mkonge huamka gizani ili amalize kipande chake kabla jua halijawa kali. Hukata jani moja moja kwa kisu, huondoa mwiba wa nchani, kisha huyafunga majani mafungu ya thelathini thelathini. Mafungu hupelekwa kwenye mtambo ambao wenyeji wanauita korona. Korona huyaponda majani na kuyakwangua huku maji yakimwagika, na upande wa pili hutoka singa nyeupe zenye unyevu. Singa huanikwa juani, hupigwa brashi, halafu hushindiliwa kuwa marobota.

Katika kila kilo mia za majani, singa ni kama kilo nne tu. Zinazobaki ni maji na makapi. Mkulima wa mahindi akiambiwa hivyo atashangaa, lakini mkonge ndivyo ulivyo.

Penye brashi tulimkuta mzee mmoja mwenye kikohozi. Alituambia kwamba babu yake alitoka Burundi akaja kuwa manamba. Vijana wasiojua neno hili na walijue: manamba walikuwa vibarua wa mkataba waliochukuliwa mbali na kwao, wakapewa namba, na wasimamizi wakawaita kwa namba badala ya majina. Walitoka Burundi, Rwanda, Msumbiji, Nyasaland ambayo leo ni Malawi, na mikoa ya mbali ya Tanganyika yenyewe. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuwaandikisha, ikijulikana kwa jina la SILABU. Kwa hiyo mkonge wa Tanga si jambo la Watanzania peke yao. Jasho la nchi zetu zote limo ndani yake.

ULIVYOKUJA NA ULIVYOANGUKA

Mkonge si mmea wa Afrika. Asili yake ni Meksiko. Mwaka 1893, wakati wa utawala wa Wajerumani, mtaalamu wa kilimo Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja kutoka Florida, Marekani. Miche 62 tu ndiyo iliyofika hai. Kutoka katika hiyo michache yakaota mashamba yaliyofunika nyanda za Tanga na Morogoro.

Mwaka 1964 Tanganyika ilitoa tani zipatazo 230,000 za singa, na hakuna nchi duniani iliyoizidi. Sehemu kubwa ilikwenda Ulaya na Marekani kuwa kamba za kufungia nyasi za mifugo. Hapo ndipo adui alipotokea. Mwaka 1954 huko Italia, Giulio Natta na wenzake walikuwa wametengeneza plastiki iitwayo polipropilini kutokana na mafuta ya petroli. Haikuchukua miaka mingi plastiki hiyo ikasokotwa kuwa kamba. Ilikuwa nyepesi, ilikuwa rahisi, na haikuoza.

Bei ya mkonge ikaporomoka. Mwaka 1967 serikali ya Tanzania ilitaifisha sehemu kubwa ya mashamba, lakini bei mbaya ilibaki, mitambo ikachakaa, na uendeshaji ukayumba. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 Tanzania ilikuwa ikitoa karibu sehemu moja ya kumi tu ya singa zile za mwaka 1964. Kambi za wafanyakazi ziliota majani. Walioachishwa kazi waligawana vipande vya shamba wakapanda mahindi, au wakabaki bila kitu.

Ndugu msomaji, weka hili akilini: mkonge ulishindwa kwa sababu unaoza na plastiki haiozi.

SIFA IMEGEUKA KUWA KOSA

Leo kutokuoza ndiyo dhambi kubwa ya plastiki. Sote tunaiona mifuko katika mitaro, katika matumbo ya ng'ombe na kando ya ziwa. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya mwaka 2017, Tanzania mwaka 2019. Kwetu Uganda sheria ya kuzuia kaveera nyembamba ilipitishwa mwaka 2009, ingawa kila mwenye macho anajua kwamba kaveera bado zinauzwa sokoni.

Kwa sababu hiyo viwanda vinatafuta plastiki inayooza. Zipo za aina kadhaa. Inayojulikana zaidi inaitwa PLA. Sukari ya mahindi au ya miwa huchachushwa na vijidudu mpaka itoe asidi, asidi ileile inayoyafanya maziwa ya mgando kuwa machachu. Kisha asidi hiyo huunganishwa kiwandani ikawa plastiki. Kiwanda kikubwa cha mahindi kipo Blair, jimbo la Nebraska, Marekani. Kingine kipo Rayong, Thailand, nacho hutumia sukari ya miwa. Ninyi mnaokata miwa, sikilizeni vizuri: jasho lenu nalo linaweza kuishia katika plastiki.

Lakini plastiki hii ina udhaifu. Ni ghali kuliko ile ya petroli. Ni kavu, ukiipinda huvunjika ghafla. Tena hulegea kwenye joto la nyuzi 60 hivi, kwa hiyo kikombe chake ukikitilia chai ya moto kinaweza kupinda. Inahitaji kutiwa nguvu.

NONDO ZA SHAMBANI

Kutia nguvu si maarifa mageni kwetu. Anayekandika nyumba huchanganya udongo na nyasi. Mwashi hutia nondo ndani ya zege. Udongo na zege huvumilia kubanwa lakini havivumilii kuvutwa. Nyasi na nondo ndizo zinazoshika. Wataalamu wanafanya hivyo hivyo: plastiki ni zege, singa za mkonge ni nondo.

Mabepari walianza zamani nyuzi za kioo, nazo zina nguvu kuliko mkonge. Ila singa ni nyepesi zaidi, haziwashi ngozi kama kioo, na zikioza hurudi udongoni. Na si mkonge tu. Watu hutumia katani, kitani, juti, makumbi ya nazi, na hata nyuzi za mgomba ambao sisi Uganda tunaukata na kuuacha shambani kila siku.

Jambo hili limekwisha kutoka maabara. Ujerumani ya Mashariki ilitengeneza gari la Trabant ambalo bodi yake ilikuwa ya masalia ya pamba yaliyoshindiliwa pamoja na gundi ya viwandani. Gundi ile haikuwa ya kuoza, lakini ilionyesha kwamba nyuzi za mmea zinaweza kubeba gari. Mwaka 2003 kampuni ya Toyota ilitoa gari la Raum huko Japani, na kifuniko cha gurudumu lake la akiba kilikuwa cha PLA iliyotiwa nyuzi za kenafu, mmea unaofanana na juti. Mwaka 2006, hukohuko Japani, kampuni ya NEC ilitoa simu ya mkononi yenye ganda la mchanganyiko huohuo.

KWA NINI SINGA HUKATAA KUSHIKA

Sasa tufike penye kiini cha habari. Ukichukua singa kama zilivyotoka korona ukazitia ndani ya plastiki iliyoyeyuka, hazishiki vizuri. Sababu ni kwamba singa hupenda maji na plastiki huyakataa. Ni sawa na mafuta na maji ndani ya chupa moja. Kila singa pia imepakwa nta, na imefungwa pamoja na wenzake kwa gundi ya asili ya jani. Ukikivuta kitu kilichotengenezwa hivyo, singa huchomoka ndani ya plastiki kama msumari kwenye ubao uliooza. Unakuwa umetia nondo zisizoshika zege.

Mtazame fundi wa baiskeli anapoziba pancha. Hapaki gundi moja kwa moja juu ya mpira. Kwanza husugua kwa msasa mpaka mpira upoteze mng'ao na kupata mikwaruzo. Fundi asiyesugua, kiraka chake hakifiki nyumbani.

Msasa wa mkonge ni kostiki soda, ile magadi kali ya viwandani. Singa hulowekwa katika maji yaliyotiwa kostiki, mara nyingi kama sehemu tano katika mia, kwa saa chache. Kostiki hula nta, hula ile gundi ya asili, na kuufungua uzi mmoja mnene ukawa nyuzi nyingi nyembamba zenye mikwaruzo. Kisha huoshwa kwa maji mengi, pengine na asidi hafifu kama ya siki ili kuua makali yaliyobaki, halafu hukaushwa kabisa. Kostiki ikizidi au muda ukizidi, hula na uzi wenyewe, na singa hutoka dhaifu kuliko ilivyoingia. Ni kazi ya kupima, si ya kubahatisha.

Maarifa haya nayo ni ya zamani. Mwingereza John Mercer aliyagundua kwenye pamba na kuyaandikishia haki mwaka 1850, na viwanda vya nguo huyatumia mpaka leo.

Ziko dawa nyingine. Iko inayoitwa sileni, ambayo ni kama mtu mwenye mikono miwili: mkono mmoja hushika singa, mwingine hushika plastiki. Iko inayotokana na asidi ya siki, nayo huipunguzia singa kiu ya maji. Baada ya dawa, singa hukatwa fupi fupi, huchanganywa na plastiki katika mtambo wa parafujo unaozunguka ndani ya bomba la moto, na mchanganyiko hutoka kama punje za kunde. Punje hizo ndizo hutiwa katika mashine ya kufyatulia vitu. Joto lisizidi sana nyuzi 200, maana singa huungua, hugeuka kahawia na kunuka moshi. Bahati ni kwamba PLA huyeyuka chini ya joto hilo. Singa zisipokaushwa vizuri, maji yaliyobaki huikatakata plastiki ikiwa moto na kazi yote huharibika.

TULIVYOIJUA KOSTIKI SISI

Msomaji atauliza: chama cha wafanyakazi kina haja gani na mambo ya maabara? Tunajibu kwa mambo tuliyoyaona kwa macho yetu.

Kabla ya kuingia kazi ya chama tulifanya kazi katika kiwanda kimoja cha nguo. Jina lake hatulitaji, maana habari hii si ya kiwanda kimoja. Kostiki ilikuja katika mifuko, vipande vyeupe kama chumvi ya mawe. Maandishi ya mfuko yalikuwa katika lugha ambayo hakuna hata mmoja penye pipa aliyeweza kuisoma. Sisi tulisoma mpaka darasa la saba, na wengine hawakufika hapo. Mnyapara alisema: tia, koroga.

Siku moja mwenzetu alikuta vipande vimebaki chini ya pipa kavu. Akamimina maji juu yake. Hakujua, wala sisi hatukujua, kwamba ni kostiki inayotiwa ndani ya maji mengi kidogo kidogo, na kamwe si maji yanayomiminwa juu ya kostiki. Pipa lilichemka ghafla kama chungu cha mafuta likamrukia usoni. Hakuwa na miwani. Tulimkimbiza kwenye bomba lililokuwa mwisho wa jengo, nalo siku hiyo halikuwa na maji. Tulipopata maji ya ndoo, muda ulikuwa umepita. Alipoteza jicho la kushoto.

Barua ya kampuni ilisema ni uzembe wa mfanyakazi. Tulikaa vikao vingi. Mwishowe tulipata bomba penye pipa, miwani, glavu ndefu za mpira, na maelezo ya Kiswahili na Luganda ukutani. Bomba tulilipata. Jicho hatukulipata.

Kwa hiyo tunaposikia kwamba mkonge utaoshwa kwa kostiki ili uingie katika plastiki mpya, hatushangilii tu. Tunauliza pipa litawekwa wapi, na nani atasimama kando yake.

FAIDA ITAKAA WAPI

Swali la pili ni la pesa. Robota la singa ghafi lina bei ya chini. Singa zilizooshwa, zikakaushwa na kukatwa kwa kipimo zina bei zaidi. Punje zilizo tayari kwa mashine zina bei zaidi tena. Kifuniko cha gari ndicho ghali kuliko vyote. Mkonge ukiondoka bandarini Tanga ukiwa robota, hatua zote za juu zitakuwa kazi ya watu wengine katika nchi nyingine, na mkata mkonge atabaki na kipande chake kilekile cha alfajiri.

Lakini tusidanganyane upande wa pili. Hatua ya kostiki ndiyo yenye hatari na maji machafu mengi. Upo uwezekano mwenye mtaji atuachie hiyo moja, kwa kuwa kwetu mkaguzi wa kazi haonekani mara kwa mara, na hatua safi zenye mshahara mnono azipeleke kwao. Huo utakuwa umanamba mpya. Maji yatokayo penye kostiki ni makali na ya rangi ya chai nzito. Yakielekezwa mtoni kabla ya kuuawa makali, yatakayokufa ni samaki, na watakaokunywa ni watoto wetu wanaoishi kambini.

Wala tusimeze maneno ya matangazo. Plastiki ya PLA huoza vizuri katika lundo kubwa la mboji lenye unyevu na joto la karibu nyuzi 60. Ukiitupa mtaroni au ziwani inaweza kukaa miaka. Na sehemu nyingi za magari zenye nyuzi za mimea mpaka leo zimechanganywa na polipropilini ileile ya petroli, kwa hiyo singa zimo lakini kitu chenyewe hakiozi. Akija mtu kusema kampuni yake inaokoa dunia, mwulizeni: kinaoza wapi, na kwa muda gani?

TUNAYODAI

Mwaka 1990 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Namba 170 kuhusu kemikali kazini. Unasema mfanyakazi ana haki ya kujua kemikali anayoishika, chombo chake kiwe na maandishi yanayoeleweka, na anaweza kuondoka mahali anapoamini kwa sababu za haki kwamba kuna hatari ya karibu na kubwa, bila kuadhibiwa, akimwarifu msimamizi wake mara moja. Kwa msingi huo tunawaomba viongozi wa matawi, katika mashamba ya mkonge, ya miwa na katika viwanda vya plastiki na nguo, wayaweke mambo haya katika madai ya mkataba kabla mtambo haujafungwa:

1. Maelezo ya kila kemikali yabandikwe penye kazi kwa lugha wanayoisoma wafanyakazi, na wasiojua kusoma waelezwe kwa mdomo.

2. Penye kostiki pawe na miwani ya kinga, glavu ndefu za mpira, aproni na mabuti, kwa gharama ya mwajiri. Vikichakaa vibadilishwe siku hiyohiyo.

3. Bomba la maji na la kuoshea macho liwe hatua chache kutoka kwenye pipa, na lijaribiwe kila zamu. Aliyerukiwa aoshwe kwa maji mengi papo hapo, kwa dakika zisizopungua ishirini, kisha apelekwe hospitali. Asipakwe siki wala dawa ya kubuni.

4. Vumbi la brashi na la mashine ya kukatia livutwe kwa feni na mabomba. Kikohozi cha yule mzee wa Tanga si cha uzee peke yake.

5. Maji machafu yauawe makali na kupimwa kabla ya kutoka uani, na mwakilishi wa wafanyakazi aonyeshwe kipimo.

6. Vijana wa kambini wafundishwe kazi za kupima, kuchanganya na kuendesha mashine. Anayefanya kazi ya ufundi alipwe kama fundi, si kibarua wa siku.

Tulipoagana na yule mzee penye brashi, tulimweleza kwamba singa zake sasa zinaweza kuwa ganda la simu. Aliitazama simu yake iliyofungwa kwa mpira, akacheka mpaka akakohoa. Kisha akauliza kama kazi hiyo mpya itamkuta mjukuu wake hapo shambani, au mjukuu atalazimika kuifuata mbali kama babu alivyoufuata mkonge. Hatukuwa na jibu la kumpa. Tulimwahidi tu kwamba swali lake tutalileta kwenu.

Basi lisomeni hili katika mkutano wa tawi. Mkiona wageni wanakuja shambani kuchukua vipimo vya singa, vya makapi ya miwa au vya migomba, wakaribisheni, wapeni maji ya kunywa, na waulizeni. Majibu mtakayopewa yaandikeni, myatume chamani mapema.